Inchi Mbili

Wamekuja watano kuchagua suti ya mmoja.
Baba mkubwa anataka nyeusi,
maana nyeusi, asema, haiulizwi maswali.
Baba mdogo amechanga elfu tatu
na elfu tatu zake zinataka kizibao.
Shangazi ameona rangi ya zambarau kwenye simu,
anaisukuma simu hadi puani pangu.
Msimamizi anataka ya kubana,
"kama ganda na ndizi, Fundi."
Bwana harusi mwenyewe amekaa kwenye kigoda,
mikono mapajani,
kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Asubuhi walipitia maduka ya barabara kuu,
yale yenye sanamu zisizo na vichwa.
Sanamu zote zilipendeza.
Yeye, koti lilimwegemea kama mlevi ukutani,
mikono ikamfunika hadi vidoleni,
na muuzaji akasema, "Ndio mtindo."
Basi wakapanda Kibuye, kwangu,
kwenye joto la saa saba
na pasi ya makaa inayoliongeza.

Simama, Olang'o.
Toa simu mfukoni. Toa funguo. Toa pumzi.
Usivute tumbo;
litarudi katikati ya kiapo na kifungo kikuaibishe.
Kifua thelathini na nane.
Kiuno thelathini na tatu.
Bega la kulia limeshuka nusu inchi:
mitungi ya gesi, anasema, miaka sita,
ngazi kwa ngazi, ghorofa za Migosi.

Nafunua daftari langu kinyumenyume,
napita wino wa buluu, wino mwekundu, doa la chai,
hadi alipokuwa darasa la nne:
*Olang'o. Kaptura ya kaki. Kiuno ishirini na mbili.*
Na pembeni, kwa mwandiko wangu wa ujana:
*mama anasema ishirini na sita.*

Ninamkumbuka Aduda, vumbi la mkaa hadi viwikoni,
akihesabu sarafu juu ya cherehani hii hii.
"Ishone kubwa, Fundi. Atakua humo humo."
Mtoto akaenda shule kajifunga kamba ya katani;
akikata kona,
kaptura inaendelea moja kwa moja.
Siku alipoijaza, ilikuwa imekwisha makalio.
Kisha koti la kaka yake.
Kisha viatu vya marehemu fulani wa kanisani.
Kisha ovaroli ya kampuni, saizi moja kwa wote.
Miaka thelathini na moja,
na hakuna nguo iliyowahi kumkuta pale alipo.

Nawaambia wale wanne: nendeni mkanywe soda.
Wewe. Rangi gani?

Anatazama mlango kwanza.
"Harusi iko kwao Kageha, Chavakali.
Kuna mawe makubwa nyuma ya nyumba yao.
Mvua ikiyanyeshea, yanakuwa..."
Hamalizi. Anakwaruza kidole gumba.

Navuta marobota mawili, natupa la tatu,
nalilowesha la nne pembeni kwa maji ya pasi.
Anaitikia kwa kichwa.

Kijivu basi.
Kitambaa chepesi, lakini si cha kuona haya baridi ya mlimani.
Mkono uishie kwenye kifundo, shati lichungulie kidogo.
Kizibao hakuna; nitazieleza mwenyewe zile elfu tatu.
Na bega la kulia sitalidanganya kwa pamba.
Nitalikata lilivyo, chini nusu inchi,
na koti litasimama wima
kama lililozaliwa naye.

Usiku, sindano ya tatu imeshavunjika, simu inalia.
Ni Aduda. Hasalimu.
"Fundi. Umeacha kidogo?"

Nimeacha.
Nyuma ya suruali, ndani ya mshono,
inchi mbili nimezikunja, nikazilaza kwa pasi,
zimetulia kama hazipo.
Hakuna picha ya harusi itakayoziona.

Nafungua daftari chini ya taa.
*Olang'o. Suti ya kijivu. Kiuno thelathini na tatu.*
Na pembeni,
kwa mwandiko wa sasa, unaopinda kidogo:
*mama anasema.*